Mgeni Mwenye Kichwa cha Dumu

Waliokuwepo uani kwangu Newala siku ile tulipovamiwa na watu wa kutoka juu ni hawa. Nilikuwepo mimi, mwenye uwanja. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kuliacha neno langu lipite bila kulitia chumvi. Alikuwepo mjukuu wangu wa kike, mtoto mkubwa wa binti yangu wa mwisho. Yeye ndiye aliyeitunga filamu na ndiye aliyeshika kamera. Alikuwepo jirani yetu mwalimu mstaafu, aliyeigiza mwenyekiti wa kijiji, na mke wake, aliyeshika kinasa sauti kilichofungwa kwenye mpini wa jembe. Na alikuwepo mgeni mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa dumu la maji, lile la njano. Binti yangu hakuwepo. Alikuwa kwenye foleni ya maji tangu alfajiri, na kutokuwepo kwake kuna maana, mtaiona mbele.

Majina yao wote ninayo, hata lile la utotoni ambalo mwalimu siku hizi akiitwa haitiki. Lakini hapa siyaandiki. Nikitaja la mmoja nitaulizwa la wa pili, na wa tatu, mpaka tufike kwa yule wa kwenye dumu, na la huyo siwezi kulisema. Mimi shule yangu ni ngumbaro tu, madarasa ya watu wazima ya zamani, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio wangu.

Mjukuu wangu anakaa Masasi, mtaa wa Mkomaindo. Kazi yake ni kupiga picha za video kwenye maharusi na unyago. Siku moja kiangazi kimekolea akapanda kuja kunisalimia, akaniambia, "Bibi, nimechoka kupiga maharusi. Bwana harusi analia, bibi harusi analia, keki inakatwa. Nataka kutengeneza filamu ya kuchekesha."

"Inahusu nini?"

"Watu wa sayari nyingine wanakuja kuiteka dunia."

"Wakishaiteka, wanaifanyia nini?"

"Wanataka maji. Kwao yamekauka. Wametazama kwa darubini yao wakaona dunia ni ya buluu, wakasema huko maji tele."

"Wanashukia wapi?"

"Newala."

Nilicheka mpaka nikaushika ukuta. Asiyeijua Newala nitamwambia: tuko juu ya uwanda, ukisimama ukingoni bonde la Ruvuma unaliona lote chini yako, na maji yako huko huko chini. Juu tunakinga ya mvua kwenye visima vya uani, yakiisha tunapanga foleni bombani, na bomba lenyewe linatoka likipenda. Watu watoke mbinguni na silaha, waje kuteka maji Newala!

"Na wanasafiri kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa chombo cha duara, Bibi. Kama ungo."

Wifi yangu alikuwa pembeni anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akainua kichwa. "Wanaosafiri kwa ungo sisi tunawajua tangu zamani. Wengine tuliwahi kukaa nao jirani."

"Hawa si wachawi, Bibi. Hawa wana sayansi."

"Na wale walikuwa wanafeli mitihani?"

Basi ndivyo filamu ilivyoanza. Mimi nilipewa nafasi ya bibi mwenye uwanja. Chombo cha wageni kilikuwa ungo wa televisheni uliotupwa na mtu, umewekwa juu ya mkokoteni, umezungushiwa mabati. Kikaletwa uani kwangu, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi pana, na nafasi hiyo ilikuwepo kwa sababu mkorosho wangu ulikuwa umekatwa. Kimebaki kisiki. Hapo lazima niwaeleze habari ya mkorosho, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Kwetu mwanamume akioa huja kujenga upande wa mke. Mkwe wangu, mume wa huyo binti yangu wa mwisho, alitoka Chiwata akajenga ndani ya uwanja huu huu, nyumba yake na yangu zinatazamana. Ni mtu wa shamba, mtu wa kimya. Sasa, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Akiniona naja, anapisha njia, anageuka pembeni, anachutama mpaka nipite. Nami navuta kanga kuficha uso. Tukiwa na la kuambiana linapita kwa mshenga, yule aliyeposa. Najua vijana wa leo wengi wanakaa sebuleni na mama wakwe zao wanatazama mpira pamoja, na siwasemi. Sisi tulioshika, tumeshika.

Chini ya mkorosho ule ndipo nilipoishi mchana. Hapo nilitwangia, hapo nilianikia, hapo nilikaribishia wageni. Mwaka mmoja nilikwenda hospitali ya Mkomaindo kutibiwa macho, nikarudi na macho mazuri kabisa, na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri kikawa kisiki.

"Nani amekata?" nikamwuliza binti yangu.

"Baba watoto. Alisema ulikuwa mbovu."

"Mbovu wapi? Msimu uliopita si nimeokota korosho?"

"Alisema utaelezwa, Mama."

"Kwa mdomo wa nani?"

Mshenga wetu tulikuwa tumemzika muda mfupi kabla ya hapo. Mtu wa kupokea maneno upande huu na kuyafikisha upande ule alikuwa hayupo tena.

Sikumtukana mtu. Nilichotaka ni kujua tu. Mti umesimama miaka yote, unazaa, kivuli unatoa. Mtu akaamka asubuhi akachukua shoka, aliona nini? Nikawa naamka na swali hilo, nafagia nalo. Binti yangu akachoka kuulizwa. Akamwambia mumewe atafute njia ya kumjibu mama yake. Njia hakuipata. Akasema anakwenda Chiwata kusaidia shamba la mama yake kwa muda mfupi. Muda ukawa msimu mzima wa korosho, ukawa na wa pili. Binti yangu naye akasema hamfuati: siku atakayomweleza Mama, ndiyo siku atakayofunguliwa mlango.

Chiwata walijaribu. Walimtuma mdogo wake. Akaja na kifurushi, akakaa kwenye kigoda nje ya uzio.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa?"

"Nimetumwa. Kaka anakusalimia."

"Kasemaje?"

"Anakusalimia sana."

"Na habari ya mkorosho?"

"Mama, anakusalimia sana, sana." Akanywa maji, akaaga. Ushenga ni kazi ya watu maalumu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa: mkwe wangu anataka kurudi na hawezi kusema, binti yangu anataka arudi na hawezi kumwita, nami nina swali na sina wa kumwuliza. Mjukuu wangu, ambaye hao ni baba yake na mama yake, alikuwa anakwenda Chiwata Jumamosi moja na Newala Jumamosi nyingine. Kama filamu ile aliitunga kwa sababu hiyo, mpaka leo hajakiri. Nimemwuliza mara nyingi. Ananijibu, "Mke mwenzangu, wewe una maswali kuliko polisi."

Siku ya kupiga picha walianza na mwalimu. Mwalimu alikaa mezani na miwani, na mgeni wa kwanza mwenye kichwa cha dumu akasimama mbele yake. Huyo wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda wa stendi, nimemtaja hapa tu kwa sababu hakukaa.

"Tumekuja kuiteka dunia," akasema yule kijana.

Mwalimu hakuinua macho. "Mmetokea wilaya gani?"

"Tumetoka sayari ya mbali."

"Barua ya utambulisho mnayo?"

"Tuna silaha." Akaonyesha tochi.

"Silaha iwekeni pembeni. Bila barua siwezi kuwapokea, nitaulizwa. Na mtendaji mwenye mhuri amekwenda semina. Njooni Jumatatu."

"Tutaiteka leo!"

"Leo siku ya gulio, mtamteka nani? Watu wote wako sokoni." Halafu, na hili mwalimu alilizua mwenyewe palepale, akamtazama kichwani akasema, "Dumu lako hilo halina mfuniko. Bombani hawatakubali."

Wifi yangu alicheka mpaka akaambiwa aondoke, sauti yake inaingia kwenye filamu. Hakuondoka. Akajiziba mdomo kwa kanga.

Simu ya yule kijana ikalia ndani ya dumu. Abiria wa kwenda Masasi. Akavua kichwa, akavua mabuti yaliyopakwa rangi ya fedha, akaondoka na pikipiki yake, vumbi likamfuata, dunia ikabaki bila mtekaji. Mimi nilikuwa ndani wakati huo navaa kanga niliyochaguliwa. Nikasikia mjukuu wangu anasema nje, "Basi yupo mwingine. Aliyeleta madumu. Avae yeye." Nikasikia mtu anakataa kwa sauti ya chini, na mjukuu wangu anambembeleza. Sikutilia maanani. Nilikuwa nakumbuka maneno yangu.

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Natoka nje, nakuta chombo kimetua juu ya mkorosho wangu. Mgeni ananiambia tuleteeni maji au tunaiteka dunia. Namtimua kwa ufagio.

"Nimtimue bila kumwuliza lolote?" nilikuwa nimemwuliza mjukuu wangu asubuhi.

"Bibi, ni filamu. Timua tu."

Akaita, "Haya, Bibi, toka!" Nikatoka na ufagio wangu. Mgeni alikuwa amesimama karibu na kisiki, dumu kichwani, matundu mawili ya macho na moja la mdomo, mwili umefunikwa shuka jeupe. Aliponiona tu, akageuka upande, akachutama.

"Simama! Simamisheni!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Wewe mgeni, umekuja kuteka dunia, mbona unachutama?"

"Labda tumbo," mwalimu akasema.

"Mwacheni," wifi yangu akasema kwenye mkeka. "Huko kwao wana adabu, wamefunzwa."

Mimi nilikuwa namtazama miguuni. Yale mabuti ya rangi ya fedha hayakumwenea, alikuwa peku. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake. Mtu ambaye humtazami usoni miaka na miaka unamjua kwa miguu. Miguu ile ilikuwa imenipisha njiani tangu binti yangu alipoolewa.

Nikasimama na ufagio mkononi sijui nifanye nini. Kama namjua, natakiwa nivute kanga nigeuke, nirudi ndani, na filamu imekwisha. Mjukuu wangu kesho yake ana harusi ya kupiga, kamera si yake peke yake. Yule naye arudi Chiwata na dumu lake, na swali langu libaki pale pale juu ya kisiki.

Hapo wifi yangu akafanya jambo. Alinitazama, akaitazama miguu, akanitazama tena. Halafu akapiga kigelegele. Si cha harusi. Ni kile tunachopiga mapiko yanapoingia uwanjani.

Kila mwanamke wa Kimakonde aliyekulia kwenye ngoma ya mapiko anajua kutojua. Anaingia mchezaji na barakoa yake, kichwa cha mti, uso wenye chale na nywele za kweli. Huyo si mtu. Unatambua unyayo wa kaka yako, unatambua kikohozi cha mjomba wako, na unakimbia unapiga kelele kama wenzako. Ukiulizwa ni nani yule, hujui. Wanaume wanajua kwamba unajua, nao hawajui. Nimekaa nalo jambo hilo tangu nikiwa mwali, na sijawahi kufikiri kwamba lingeweza kunifaa uani kwangu, mbele ya dumu la maji.

Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mjukuu wangu, mwambie huyo mgeni asimame anigeukie. Mimi simjui. Hana udugu na mtu hapa. Si mmesema ametoka juu?"

Mjukuu wangu aliinua kamera tu. Mgeni akasimama, polepole, akageuka. Matundu ya dumu yakanitazama.

"Mnataka nini?" nikamwuliza.

"Maji." Sauti ilitoka imevimba, kama mtu anayeongea ndani ya kisima.

"Maji foleni. Kwanza nijibuni. Mmekuja na ungo wenu, mmetua juu ya mkorosho wangu. Mkorosho huu uliwakosea nini?"

Hayo hayakuwemo katika maneno niliyopewa. Mke wa mwalimu akatazama kamera ikiwa itasimamishwa. Haikusimamishwa.

"Bibi," mgeni akasema, "ulikuwa umeliwa ndani."

"Na nani?"

"Na wadudu. Nje ulikuwa mzima, unazaa. Ukiugonga shina unalia kama ngoma. Na lile tawi kubwa lilikuwa limelalia chumba chako."

"Chumba ninacholala mnakijua?"

"Kutoka juu tunaona."

Wifi yangu akakohoa kicheko ndani ya kanga.

"Na hodi? Huko kwenu hodi hakuna?"

"Ipo, Bibi. Aliyekuwa akitupigia hodi alifariki. Tukasema tutafute mwingine. Tukiwa tunatafuta, upepo ukaanza, tawi likapasuka tukalisikia. Ulikuwa karibu kurudi kutoka kwenye macho. Tukaona urudi ulale chini ya tawi lile, au urudi ukute kisiki ukasirike. Tukakata."

"Mimi nilikasirika?"

"Uliuliza."

"Nikiuliza ndiyo nimekasirika?"

"Sijui, Bibi. Ulikuwa unauliza kila asubuhi ukifagia. Nilikuwa nasikia kupitia ukutani. Jibu ninalo, pa kulitolea sina. Nikaona niondoke, labda swali litapumzika."

Alisema *nilikuwa nasikia*. Hakusema *tulikuwa*. Sote tulilisikia, na hakuna aliyelisikia. Mwalimu alivua miwani akaanza kuifuta.

Nilikuwa na maswali mengine mengi. Mtu akikaa na neno misimu miwili, linazaa. Lakini lililonitoka ni hili: "Huko mlikokwenda, nani anawapikia?"

"Najipikia."

"Mnapika nini?"

"Ugali wa muhogo. Unatoka na madonge."

"Mwenyezi Mungu!" wifi yangu akashindwa. "Na hao ndio wanaotaka kuiteka dunia!"

Watu wakacheka, na ndani ya dumu nikasikia nako kunacheka, sauti inazunguka humo inatafuta pa kutokea. Nami nikakumbuka ufagio mkononi, kwamba kazi yangu ni kutimua. Nikauinua.

"Sikilizeni," nikasema. "Maji hapa ni foleni, hata mwenye bunduki anapanga. Lakini mimi mmenichukulia kivuli. Nirudishieni kivuli changu, ndipo mje mchote." Nikapiga ufagio chini, vumbi likaruka, na mgeni akakimbia nyuma ya nyumba kama alivyotakiwa. Nikavuta kanga, nikaingia ndani, nikakaa huko mpaka nikasikia baiskeli inaondoka.

Binti yangu alirudi alasiri na ndoo zake, shingo imemkakamaa.

"Filamu imekwendaje, Mama?"

"Tumevamiwa."

"Wamesemaje?"

Hapo ndipo nilipoona shida ya kutojua. Jibu alilolisubiri misimu yote lilikuwa limesemwa uani kwake, na mimi siwezi kumwambia nani amelisema, maana simjui. Wifi yangu hamjui. Mwalimu hamjui. Nikamwambia, "Utaona kwenye filamu."

Nikamwuliza mjukuu wangu kama kile kipande kitabaki. Akasema hajui bado. Filamu ni ya kuchekesha, Bibi, na pale mwishoni watu wamenyamaza mno. Wenzake wa Mkomaindo wanaosaidiana naye kuunganisha picha wamemshauri akiondoe. Nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye filamu." Nilitaka kumwambia mengine, nikayameza. Siku zikapita, siulizi asubuhi nikifagia. Binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Ilipofika sikukuu tukateremka Masasi, mimi, wifi yangu na binti yangu. Filamu ilionyeshwa Mkomaindo, baada ya magharibi, kwenye shuka lililotundikwa ukutani mwa nyumba anayopanga mjukuu wangu. Viti vya kukodi vya harusi, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Wanaume waliokuwa nyuma kabisa sikuwatazama.

Watu walicheka! Mwalimu alipouliza barua ya utambulisho, mzee mmoja alipiga paja akasema, "Huyo namjua, yuko ofisi fulani, alinizungusha mwezi mzima." Katika kipande cha bombani, kilichopigwa siku nyingine, wageni walipoambiwa wasimame foleni nyuma ya mama mjamzito, vijana wakapiga makofi. Wageni walitoa tochi, foleni nzima ikawaambia wawamulike kule mbele wanaume wanaochomekea foleni. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa nangoja kuona kama kisiki changu kitatokea.

Kikatokea. Nikajiona natoka na ufagio, mdogo kuliko ninavyojidhania. Na mjukuu wangu hakuwa ameondoa kitu, hata kule kuchutama, hata kigelegele cha wifi, vyote vimo. *Maji foleni*, nikasema kwenye shuka, watu wakaangua kicheko. Kisha dumu likaanza kueleza habari ya mti, na kicheko kikapungua. Wengi walidhani ni sehemu ya hadithi, mgeni anajitetea kwa nini alitua vibaya. Binti yangu alikuwa kando yangu anakula karanga. Nikasikia ameacha kutafuna.

"Mama."

"Ee."

"Yule ni nani?"

"Mgeni."

"Mama!"

"Ametoka juu. Si wamesema pale mwanzo?"

Kwenye shuka, dumu likasema habari ya ugali wenye madonge. Uwanja mzima ukacheka tena, mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, mumpikieni!" Binti yangu akaniwekea karanga zake mapajani, akainuka, akapita mbele ya picha, kivuli chake kikakata shuka katikati, watu wakampigia kelele akae. Hakukaa. Alikwenda upande wa wanaume, kule nyuma.

Sikugeuka. Upande ule si wa mimi kutazama. Kwa hiyo walichosemezana sikukisikia, na mtu akinieleza amekisikia nitamwuliza alikuwa wapi. Niliitazama filamu mpaka mwisho. Wageni walirudi kwao na ungo mtupu, wakamwambia mkuu wao kwamba dunia haitekeki, kila ukifika mwenye mhuri hayupo.

Tulirudi Newala. Mvua ilipoanza, asubuhi moja nikiwa bado kitandani, nikasikia jembe uani. Kwa kawaida jembe likilia uani kwangu natoka kuuliza. Siku ile nilikaa ndani. Nikasikia linachimba, linapumzika, linachimba. Nilingoja mpaka likanyamaza na mlango wa nyumba ya pili, ya binti yangu, ukafunguliwa na kufungwa, ndipo nikatoka.

Kando ya kisiki palikuwa na mche wa mkorosho, umezungushiwa miiba. Na juu yake, kuuzuia usiliwe na mbuzi wa mwalimu, umefunikwa dumu la njano lililokatwa chini, lina matundu mawili ya macho na moja la mdomo. Macho yalikuwa yametazamishwa mlango wangu. Katika tundu la mdomo jani moja lilikuwa limeshachungulia nje.

Nyumba ya pili moshi ulikuwa unatoka. Nikamwuliza binti yangu anapika nini mapema hivyo. "Ugali," akasema.

"Una madonge?"

"Mama, nenda kafagie."

Sasa mche umelishinda dumu, wameliondoa, limetundikwa kwenye uzio. Kivuli chake bado ni cha kukalisha kuku mmoja, tena mdogo. Mkwe wangu akiniona anapisha njia, anageuka, anachutama, nami navuta kanga. Wifi yangu ndiye amefanywa mshenga, na kila ujumbe unafika umetiwa chumvi, lakini unafika.

Hivi ndivyo ninavyokumbuka. Kama ulikuwepo na unaona nimekosea, pita uani unisahihishe. Labda mwalimu alisema Jumanne, si Jumatatu. Labda kanga niliyovaa haikuwa ile ya kuchaguliwa. Wifi anasema maneno ya mfuniko wa dumu ni yake, mwalimu anasema ni yake, anayejua aseme. Nitakaa nisikilize, na ming'oko nitachemsha. Ila habari ya nani alikuwa ndani ya dumu, hapo msinisahihishe. Yule mimi simjui.